Kufuli la Tofi

Milcah Adongo hakuomba mbwa. Aliyemleta ni mwanawe Quincy, alipokuja likizo kutoka chuoni Njoro, amemficha ndani ya koti kama mtu aliyeiba mkate. Kilikuwa kitoto cha mbwa cha rangi ya kahawia, masikio yamelala, tumbo limevimba kwa minyoo, na macho yanayokutazama mpaka wewe ndiye unayegeuza uso. Quincy alisema amepewa na rafiki yake ambaye mamake anafuga ng'ombe wa maziwa, na kwamba mwanamke anayeishi peke yake Kihoto, kando ya Ziwa Naivasha, hafai kukosa mbwa, hasa baada ya wezi kumbebea mtungi wa gesi. Akampa jina la Tofi. Likizo nzima akawa analala naye, anakula naye, anamwongelesha kama binadamu. Kisha likizo ikaisha, Quincy akarudi Njoro, na Tofi akabaki mikononi mwa Milcah.

Milcah alikuwa mtu wa mambo kupangwa. Alizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za reli, babake akiwa fundi wa mabehewa aliyetoka upande wa ziwa kubwa akiwa kijana na asirudi tena kuishi huko. Aliolewa Naivasha, akafiwa na mume Quincy akiwa bado anasoma shule ya msingi, na tangu siku hiyo maisha yake yakawa maua. Alianza kwa kukata waridi ndani ya zile nyumba za plastiki, miiba ikimchana mpaka mikono ikazoea, halafu akapandishwa kwenda kupanga maua, na mwisho akawa supavaisa wa meza. Huko kazi ni kuchambua: urefu huu uende huku, urefu ule uende kule, ua lililopinda shingo litupwe. Hakuwa mkali, lakini wasichana wa meza yake walijua kwamba jicho lake haliruki kitu. Alitoka nyumbani kukiwa bado na giza, akarudi jua likizama. Katika maisha ya namna hiyo hakukuwa na pengo la kupitisha mtoto wa mbwa.

Kwa hiyo akamfungia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha kuku ambacho kilibaki kitupu baada ya ugonjwa kumaliza kuku wote. Alikifagia, akatandika gunia, akaweka maji na ugali uliochanganywa na dagaa wa omena, akamsukuma Tofi ndani na kufunga mlango kwa kamba ya nailoni. Jioni aliporudi, mlango ulikuwa wazi, kamba imetafunwa, na Tofi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba akimngojea kama mwenye nyumba anayengojea kodi.

Alibadilisha kamba, akaweka waya. Tofi akachimba chini ya ukuta. Milcah akapanga mawe pande zote. Akaweka komeo la chuma, lile la kusukuma, na kwa muda wa wiki moja hivi akaamini amemshinda. Kumbe yule mtoto alikuwa anapitisha pua katikati ya mbao na kulisukuma komeo taratibu, huku likitoa mlio, mpaka lifike mwisho. Jambo hilo Milcah alilishuhudia mwenyewe. Jumapili moja alivaa nguo za kanisani, akafunga geti kwa kishindo, kisha akarudi kwa kunyata akapitia upande wa pili na kujibanza nyuma ya pazia la jikoni. Tofi aliketi kimya, kichwa kimeelekea getini. Alisikiliza. Aliporidhika kwamba hakuna mtu, aliinuka na kwenda moja kwa moja kwenye komeo, bila haraka, kama fundi aliyezoea kazi yake. Akatoka, akajinyoosha, akaelekea kwenye ua wa michongoma uliotenganisha ploti ya Milcah na ya jirani, mkia ukichezacheza. Milcah alicheka peke yake pale nyuma ya pazia. Baadaye alikumbuka kwamba ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kumcheka mbwa huyo.

Shida haikuwa kutoka kwake tu. Shida ilikuwa ni wapi anakwenda. Ng'ambo ya michongoma alikuwa anaishi Bi Mboni, mama wa Kiislamu aliyepita miaka sitini, mjane, ambaye babu yake alikuja kutoka Pwani na reli na kufungua duka la nguo mjini. Duka lilikwisha zamani. Bi Mboni sasa alikaanga mahamri na viazi karai kila asubuhi mbele ya nyumba yake, na nusu ya Kihoto ilikuwa ikinywa chai kwa mkono wake. Mwanawe Salmin alikuwa Ghuba akiendesha lori, na bintiye Rumaisa ameolewa Nakuru. Yeye na Milcah walikuwa majirani wa heshima: wanasalimiana, wanapelekeana sahani wakati wa Idi na Krismasi, na hakuna anayeingia sana nyumbani kwa mwenzake.

Siku moja Tofi aliingia jikoni kwa Bi Mboni na kulamba beseni la unga uliokandwa. Milcah aliporudi kutoka kazini alimkuta mama huyo ameinama uani, anasugua beseni kwa udongo, kisha kwa maji, tena na tena, kama dini yake inavyotaka kwa chombo kilichoguswa na mate ya mbwa. Unga wote ulikuwa umemwagwa. Magoti ya Bi Mboni hayakuwa mazuri, na alikuwa amejishika kiuno. Milcah alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Aliomba msamaha mpaka akakosa maneno. Bi Mboni alimwambia tu kwamba mtoto ni mtoto, awe wa nani, na kwamba beseni halijafa.

Afadhali angemgombeza. Milcah alijua namna ya kukaa na mtu anayegomba. Hakujua namna ya kukaa na mtu anayenyamaza. Kuanzia hapo kila alipopita mbele ya karai la Bi Mboni alikuwa anatembea upesi. Na ikawa kila Tofi akitoka, simu inalia kazini. Bi Mboni hakujua kuandika ujumbe, alikuwa anapiga. Sauti yake ilikuwa ileile siku zote: "Mama Quincy, nakwambia tu, Tofi ametoka, yuko kwangu hapa nje." Hakusema zaidi. Lakini Milcah, amesimama kati ya ndoo za waridi na meneja akimtazama kwa pembe ya jicho, alisikia lawama ambayo haikutamkwa. Alianza kuliogopa jina la Bi Mboni likitokea kwenye kioo cha simu.

Pale kazini kulikuwa na askari mmoja anayeitwa Kimaiyo, aliyekuwa akilinda geti kwa mbwa wawili wakubwa. Milcah alimweleza taabu zake wakati wa chai. Kimaiyo alimsikiliza, akauliza mbwa anatembezwa mara ngapi. Milcah akasema hatembezwi. Akauliza anacheza na nani. Milcah akasema na nani tena, mimi niko hapa na wewe. Kimaiyo akatikisa kichwa, bila ubaya.

"Huyo si mbwa mbaya, ni mbwa mwerevu ambaye hana kazi," alisema. "Ukimnyima kazi, atajitafutia. Mtembeze asubuhi mpaka achoke, mpe mfupa wa kushughulika nao, na umfundishe kukaa. Ukiongeza tu kuta, unamfundisha kuvunja kuta."

Milcah alikubali kwa kichwa. Alijua mtu huyo amesema kweli. Lakini kuamka mapema zaidi ya vile alivyokuwa akiamka, kutembea kwenye barabara za Kihoto na mbwa kabla ya basi la kampuni kufika, hilo aliliona ni kubwa kuliko nguvu zake. Akajiambia ataanza maua ya Siku ya Mama yakishapita, kazi ikishapungua. Quincy alipopiga simu usiku wa Jumamosi na kuuliza, "Mathe, Tofi anaendeleaje?" alimjibu kwamba anaendelea vizuri, ananenepa, anazunguka uwanjani anavyotaka. Akasema hivyo akiwa amesimama dirishani, na kutoka kwenye kibanda akasikia kucha zikikwaruza mbao.

Alichofanya badala ya kumtembeza ni hiki. Alinunua bati, akamwita fundi wa mtaani, wakakifunika kibanda juu na kando, mpaka ile nafasi ndogo ambayo Tofi alikuwa ameanza kupitia kwa kupanda juu ya sufuria la maji. Fundi alipigilia misumari kutoka ndani kwenda nje, na ncha zake zikabaki zimechomoza. Alitaka kuzikunja, lakini mvua ilikuwa inaanza na Milcah akasema ziache, nani atazigusa. Mlangoni akatia kufuli. Ufunguo akautia kwenye mkufu wa funguo zake, akaenda nao kazini.

Siku ya kwanza Tofi alilia mpaka sauti ikapotea. Siku zilizofuata hakulia. Jioni Milcah alipofungua, mbwa alitoka polepole, akanywa maji, akaenda kukaa mbali naye. Hakuwa tena anarukia magoti yake. Milcah aliona, akajifanya hakuona. Kitu kimoja alikifurahia na kukionea haya kwa pamoja: simu ya Bi Mboni ilikuwa imenyamaza.

Mvua ya mwaka huo haikuwa ya mzaha. Ilinyesha usiku na mchana, na watu wa Kihoto, ambao walishaliona ziwa likiwafuata nyumbani miaka ya nyuma, wakaanza kuinua magodoro juu ya meza. Kwenye ploti za chini maji yalikuwa tayari yametuama. Ploti ya Milcah na ya Bi Mboni zilikuwa juu kidogo, na mara iliyopita maji yaliishia barabarani. Milcah aliyatazama yale madimbwi asubuhi ile, akamwekea Tofi gunia kavu, akafunga, akaondoka.

Kazini ilikuwa vurugu. Oda ilikuwa imeongezwa, lori linangoja, wasichana wawili wa meza yake hawakufika. Ilikuwa katikati ya asubuhi simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa aproni. Aliitoa, akaona jina la Bi Mboni. Akajisemea, huyu mbwa ametoka tena, hata kwenye bati ametoka. Akaitazama simu ikiita, ikiita, mpaka ikakatika yenyewe. Akairudisha mfukoni. Haikuchukua muda ikatetemeka tena. Safari hii aliikata. Ilipoanza mara ya tatu, meneja alikuwa anakuja upande wake, na Milcah akaibonyeza simu mpaka ikazima kabisa, akaendelea kufunga waridi kwa hasira. Alimkasirikia mbwa, na Bi Mboni pia, kwa nini hachoki.

Habari aliipata kwenye foleni ya chakula. Msichana mmoja, Chepkurui, alikuwa anaonyesha wenzake video aliyotumiwa. Maji ya rangi ya chai yanapita katikati ya nyumba, kiti cha plastiki kinaelea, mwanamke amebeba mtoto mabegani. Mtu akasema hapo ni Kihoto, ziwa limeingia pamoja na maji ya mlimani, yameingia ghafla. Milcah alitambua ukuta wa buluu wa duka la kona. Hakuuliza ruhusa. Alitoka mbio amevaa aproni, na alipofika getini Kimaiyo alimsimamishia bodaboda bila kuuliza lolote. Njiani aliwasha simu. Hakukuwa na simu nyingine baada ya zile tatu. Kule kunyamaza kulimtisha kuliko kama zingekuwa ishirini.

Bodaboda ilikomea pale lami ilipozama. Milcah alivua viatu akaingia. Maji yalikuwa ya magoti, kisha ya mapaja, baridi, yakinuka choo na dizeli. Geti lake lilikuwa wazi. Hakuitazama nyumba. Alizunguka moja kwa moja nyuma. Kibanda kilikuwa kimezama zaidi ya nusu. Kufuli lilikuwa bado liko mahali pake, limefungwa vilevile. Alichomoa funguo, zikamponyoka zikaingia majini, akazipapasa, akazipata. Alipofungua mlango, maji yalikuwa yamejaa ndani mpaka karibu na bati. Aliinama akaingiza mikono yote miwili na kuanza kutafuta. Alishika gunia. Alishika sufuria. Alishika kitu laini, akakivuta huku amefumba macho, na kikawa ni gunia tena. Alipapasa pembe zote, mashavu yake yakigusa maji, akimwita kwa sauti ambayo hakuitambua. Mtu aliyekuwa akipita na godoro kichwani ndiye aliyemwambia atazame upande wa pili. Pale nyuma, bati lilikuwa limeng'olewa na kukunjwa kama ukurasa, na chini yake mbao mbili zimevunjwa.

Mtu huyo akamwambia Bi Mboni ndiye aliyemtoa mbwa. Akasema mama wa watu ameumia, wamempeleka zahanati ya juu, barabarani.

Alimkuta kwenye veranda ya zahanati, ameketi kwenye benchi pamoja na watu wengine waliolowa. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa juu ya kreti la soda, umezungushiwa leso, na leso ilikuwa imegeuka rangi. Tofi alikuwa amefungwa kwa kipande cha kitambaa kwenye nguzo ya veranda, hatua chache mbali naye, anatetemeka, manyoya yamegandamana, anaonekana nusu ya ukubwa wake. Alipomwona Milcah hakusimama. Mkia uligusa sakafu mara moja, basi.

Milcah alipiga magoti mbele ya Bi Mboni, akamwuliza imekuwaje. Bi Mboni alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za sokoni. Maji yalipoanza kupanda alikumbuka kwamba mbwa amefungiwa. Alimsikia akilia. Alijaribu mlango, akaona kufuli. Akazunguka nyuma na mwiko wake mrefu wa chuma, ule wa kugeuzia mahamri, akang'oa bati. Msumari ulimchana kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo cha mguu. Mtoto alikuwa amesimama juu ya sufuria, pua imegusa paa.

"Nilikupigia nikuulize ufunguo uko wapi," alisema.

"Simu ilikuwa imezima," Milcah alisema. "Chaji iliisha."

Maneno yalitoka kabla hajayachagua. Bi Mboni alimtazama kidogo, kisha akatazama mguu wake.

"Hata mimi nina langu la kukwambia," alisema. "Huyu mbwa mimi ndiye niliyemfundisha kutoka. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa mdogo, analia, nikamrushia andazi lililoungua. Kesho yake akaja tena. Nikawa namwekea. Salmin alipoondoka nyumba ilikuwa kimya sana, Mama Quincy. Nilikuwa nakupigia ili usije ukafikiri amepotea. Siku ile ya beseni nilitaka kukwambia, nikaona haya, wewe umeniomba msamaha na mwenye makosa ni mimi."

Milcah alikaa pale sakafuni na hakuweza kuinua uso. Kwa hiyo zile simu zote hazikuwa lawama. Mkia ule uliochezacheza kuelekea michongoma, aliutazama kwa macho yake na hakujiuliza unamchezea nani. Na bado mama huyu aliyevuja damu ndiye anayeomba radhi, na yeye, ambaye alibonyeza simu mpaka ikazima, amejificha nyuma ya chaji. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Muuguzi alitokea mlangoni akaita jina la Bi Mboni, na Milcah, badala ya kusema, alimshika mkono kumsaidia kuinuka.

Kidonda kilishonwa, lakini Bi Mboni alikuwa na sukari, na maji yale hayakuwa safi. Kabla ya wiki kwisha mguu ulivimba ukawa mwekundu na wa moto. Rumaisa alikuja akamchukua mamake, akamlaza hospitalini Nakuru. Milcah alikuwa amehamia kwa muda kwenye chumba kimoja upande wa juu wa mji, yeye na Tofi, kitanda na jiko vimebanana. Hakukuwa na mahali pa kumfungia mbwa hata angetaka. Alfajiri ya kwanza alimfunga kamba shingoni wakatoka. Walitembea mpaka kwenye uwanja wa shule wakarudi. Tofi alitembea nyuma yake, kamba imelegea, akisimama kila Milcah aliposimama, kama mfungwa aliyezoea. Ilichukua muda kabla hajaanza kutangulia. Milcah aligundua kwamba kuamka kule alikokuona ni mlima hakukuwa mlima. Kulikuwa ni kuamka tu. Ugunduzi huo haukumfariji. Ulimchoma, kwa sababu ulimaanisha kwamba yote yale yangeweza kuzuiwa na kitu kidogo hivyo.

Quincy alipopiga simu, alimweleza kila kitu, tangu komeo hadi bati, hadi mara tatu alizoitazama simu. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hivyo ulikuwa unaniambia anazunguka uwanja," na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na mshangao, kama mtu aliyejua mamake ni mrefu na leo amemwona, akipimwa ukutani, hafiki kwenye alama. Akasema atakuja mwisho wa wiki.

Jumamosi, kabla Quincy hajafika, Milcah alienda Nakuru. Wodi ilikuwa imejaa. Bi Mboni alikuwa amelala karibu na dirisha, kichwa kimefunikwa mtandio mweupe, amepungua. Madaktari walikuwa wamekata nyama iliyooza kwenye muundi, wakauokoa mguu, lakini vidole viwili vilikwenda. Rumaisa alitoka kununua maji, wakabaki wawili. Milcah aliweka machungwa juu ya kabati, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Bi Mboni, simu haikuwa imeisha chaji," alisema. "Niliziona simu zako. Nilidhani unanipigia juu ya mbwa kutoka, nikachoka. Ya tatu nikaizima."

Bi Mboni alikuwa anaangalia dirishani, ambako mtu alikuwa anaanika mashuka.

"Simu iliyoisha chaji haiiti, mwanangu," alisema. "Ya kwanza iliita mpaka mwisho. Ya pili ulinikatia. Nilijua palepale."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akageuza uso kutoka dirishani. "Siwezi kukwambia haikuniuma. Nilikuwa nimesimama kwenye maji, mtoto analia, na wewe unanikatia. Iliniuma kuliko msumari. Lakini umekuja."

Milcah alingoja aongeze neno, neno la kusamehe, lile ambalo angelibeba njia nzima ya kurudi Naivasha. Halikuja. Bi Mboni alimwomba amchambulie chungwa, na Milcah akachambua, akitoa kila uzi mweupe kwa kucha, akimpa kipande kimoja kimoja, mpaka chungwa likaisha.

Bi Mboni hakurudi Kihoto. Nyumba yake ilikaa kwenye maji miezi, na hata yalipopungua, Rumaisa alikataa kabisa. Karai na mwiko viliuzwa kwa mama mwingine. Sasa anaishi kwa bintiye Nakuru, mtaa wenye watu wengi, anatembea kwa fimbo, na wateja wake wa zamani wakikutana na Milcah sokoni humwuliza mama wa mahamri alienda wapi. Milcah huwajibu kwamba aliumia wakati wa mafuriko. Wanasikitika, wanasema maji hayana adabu. Kila mara anahisi angepaswa kuongeza jambo, na kila mara anachukua mboga zake anaondoka.

Milcah aliomba abadilishiwe zamu ili apate muda wa kukaa na mbwa, na alipoambiwa supavaisa hawezi, akarudi kwenye meza kuwa mpangaji wa kawaida, jambo ambalo wenzake hawakulielewa. Quincy alitaka kumchukua Tofi akakae na yule rafiki yake Njoro, kwenye shamba. Walibishana kidogo. Mwishowe Quincy alimtazama mbwa akimfuata mamake kutoka jikoni hadi kamba ya nguo na kurudi, akasema basi, acha abaki. Tofi amekuwa mkubwa, kifua kipana. Kimaiyo alimfundisha kukaa na kungoja. Mlango wa ploti mpya waliyohamia unafungwa kwa ndoano ambayo angeifungua kwa pua akitaka, na kuna siku anaifungua, anasimama nje, anatazama barabara pande zote mbili, kisha anarudi ndani mwenyewe.

Mara moja kwa mwezi Milcah anampandisha kwenye pikapu ya jamaa mmoja anayesafirisha maziwa, wanaenda Nakuru. Bi Mboni huwekewa kiti nje ya geti la Rumaisa, kwa sababu ndani mbwa haingii. Tofi analala chini umbali wa mtu kunyoosha mkono, kichwa juu ya miguu ya mbele, na mama huyo anamrushia andazi, la kununuliwa sasa, huku akilalamika kwamba waliolipika hawajui kuumua unga. Wanaongea habari za Salmin, ambaye anasema atarudi. Wanaongea bei ya unga, na mvua. Safari ya mwisho Milcah alijikuta tena anautazama ule mguu, kovu linalong'aa kutoka gotini kwenda chini, kiatu kilichojazwa pamba mbele. Bi Mboni aliona anapotazama. Alivuta leso akafunika, akasema chai inapoa, mimina.

Milcah akamimina.